Transfoma Nyepesi

Mashine ililetwa Jumatatu asubuhi. Wanaume wanne waliishusha sebuleni wakaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, na fundi cherehani akalazimika kuhamishia mkasi, chaki na nguo za wateja kitandani. Hakulalamika. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gari asiloweza kulinunua, kisha akaanza kumweleza mkewe anachokiona: boksi la kijivu, mfuniko wa plastiki angavu, vitufe vitano kwa mbele.

"Vina nukta," mkewe alisema. Vidole vyake vilikuwa vimeshatangulia. "Fundi, vitufe vyenyewe vina nukta. Nimeshavisoma."

"Basi nimenyang'anywa kazi," mumewe akajibu, wakacheka wote wawili.

Walizoea kuitana hivyo, Fundi na Mwalimu, na mtaa mzima uliwaita hivyo hivyo. Mwalimu hakuwa anaona. Alifundisha watoto tisa wasioona katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi iliyokuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Kila somo alilowapa alilitoboa mwenyewe kwa kibao na kalamu ya chuma, nukta moja baada ya nyingine, ukurasa mmoja nusu saa, halafu auanze upya ukurasa ule ule kwa mtoto wa pili, na wa tatu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kwenye kifundo na hakikunyooka tena. Mashine hii, iliyotolewa na chama cha wasioona cha nchi ya mbali, ingechukua maneno kutoka kwenye kompyuta yake ndogo inayosema na kuyagonga kwenye karatasi nene, ukurasa mzima kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini.

Ilikuwa imekuja wakati wake. Ijumaa ya wiki ile ile ofisa wa elimu angefika kuamua kama kitengo cha wasioona kiendelee au kifungwe. Barua yake ilisema shule isiyoweza kuwachapia wanafunzi wake vitabu na mitihani haina sababu ya kuwaweka. Mashine ilikaa nyumbani kwa Mwalimu kwa kuwa chumba chake cha darasa hakikuwa na umeme, na paa lake lilivuja.

Fundi aliokota plagi, akaitazama, akaisukuma kwenye soketi ya ukutani. Haikuingia.

"Ina meno bapa," alisema. "Ngoja niyakunje kidogo kwa koleo."

"Usiikunje, usiichomeke." Mwalimu alinyoosha mkono akaipokea, akaipapasa. "Kama meno hayafanani na yetu, basi na umeme wenyewe haufanani. Kamwite Waya Mbili."

*

Waya Mbili alikuwa fundi wa redio na televisheni pale kona. Jina alilipata kwa sababu ukimpelekea kitu chochote kilichoharibika, alijibu kabla hajakifungua: "Hizo ni waya mbili tu." Alikuja na tochi, akapiga magoti nyuma ya mashine, akakisoma kibati kilichobandikwa pale. Safari hii hakusema waya mbili.

"Hii imezaliwa kwenye volti mia na ishirini," alisema. "Sisi tuna mia mbili na arobaini. Mngeichomeka ingekufa kabla hamjatoa mkono."

Fundi alimtazama mkewe, akashukuru kimoyomoyo kwamba haoni jinsi anavyotazamwa.

"Dawa yake?" Mwalimu aliuliza.

"Transfoma ya kushushia umeme. Hapa wameandika ampea sita. Mia na ishirini mara sita ni wati mia saba na ishirini. Ila hiki ni kitu cha kugonga, Mwalimu. Kikigonga kinavuta kwa nguvu, kikipumzika kinaachia. Ukinunua ya wati mia nane, itahema mpaka ife. Chukua ya elfu moja na mia tano, ndipo uwe na amani."

"Elfu moja na mia tano," Mwalimu alirudia, kama anavyorudia mtu anayeandika kichwani.

Fundi alimsindikiza mgeni. Pale nje, karibu na karo la kufulia, Waya Mbili alimshika bega.

"Fundi, nisikilize vizuri. Ukifika dukani usinunue namba, nunua uzito. Transfoma ya kweli ni chuma na waya wa shaba. Ya wati hizo unaibeba kwa mikono miwili na bado unaweka chini njiani upumzike. Kuna nyingine wanauza, vijiboksi vyepesi vimeandikwa namba kubwa kubwa. Vile ni vya msafiri mwenye pasi yake au kikaushio cha nywele. Ukiunganisha mashine kama hii hapo, umeiua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Uzito, Fundi."

"Nimesikia, bwana. Mikono miwili."

*

Mwalimu Mkuu alitoa laki moja na nusu kutoka kwenye michango ya wazazi, akamkabidhi Fundi mwenyewe ofisini, mbele ya mkewe. Mwalimu alikuwa amesimama pale akiwa ameshaunyoosha mkono wake. Bahasha ilipita juu ya mkono ule.

"Wewe unaona, utahesabu vizuri," Mwalimu Mkuu alisema, bila ubaya wowote. "Humo itoke transfoma na zitoke karatasi. Wazazi hawana zaidi. Mmoja amekopa hata hiyo."

Jumatano Fundi alifunga cherehani akaenda mjini. Duka la kwanza lilikuwa na kiyoyozi na vioo, na transfoma zilikaa chini sakafuni kwa sababu hakuna rafu ambayo ingezihimili. Alichuchumaa akajaribu kuinua moja kwa mpini wake. Ilinyanyuka kidogo, ikarudi chini na kishindo, vioo vikatikisika.

"Mzee, taratibu," muuzaji alisema. "Hiyo ukiivunja utaishi hapa."

"Ni ya wati ngapi?"

"Elfu moja mia tano. Laki mbili na elfu ishirini."

Fundi alikohoa. Aliuliza kama kuna punguzo. Muuzaji alisema lipo, elfu tano, akacheka, na mteja mwingine aliyekuwa amesimama na risiti akacheka pia. Fundi aliuliza kama angeweza kuacha laki moja na nusu na kitambulisho chake, alete zilizobaki mwisho wa mwezi.

"Kitambulisho chako nitakipikia?" muuzaji akasema, safari hii bila kucheka. "Kama hununui, mpishe mwenzako."

Alitoka. Aliingia maduka mengine matatu. Mawili hawakujua anazungumza kitu gani. Moja walikuwa nayo ya wati mia tano. Jua lilikuwa limesimama wima alipofika kwenye kibanda chenye vifaa vya simu, nyembe, betri na mataa ya rangi, na kijana mmoja mchangamfu akamkaribisha "baba yangu" na kumpa stuli. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumkaribisha akae.

"Mia mbili na arobaini kwenda mia na ishirini? Ipo, baba yangu." Akashusha kijiboksi cheusi kutoka rafu ya juu kabisa, kwa mkono mmoja, akampa. "Wati elfu mbili. Umetafuta elfu moja na nusu? Mimi nakupa elfu mbili. Elfu sitini na tano."

Fundi alikishika kijiboksi. Kilikuwa na uzito wa mkate. Alikigeuza, akaiona namba: 2000W, kwa herufi nyeupe, nene. Maneno ya Waya Mbili yalikuwa pale pale masikioni, hayakumpotea hata moja. Lakini alikuwa ametembea toka asubuhi, keshokutwa ilikuwa Ijumaa, na zile laki mbili na elfu ishirini hazikuwepo popote duniani kwa ajili yake.

"Mbona nyepesi?" aliuliza.

"Teknolojia, baba yangu. Televisheni ya zamani ulikuwa unaibeba na nani? Ya sasa unaining'iniza ukutani kama kalenda."

Ilikuwa kweli kuhusu televisheni. Fundi aliishikilia kweli hiyo akatoa pesa. Alinunua na karatasi nene, mabunda mawili, na elfu arobaini zilizobaki akamrudishia Mwalimu Mkuu jioni ile ile. Mwalimu Mkuu alisimama kutoka kitini.

"Umerudisha chenji! Mwalimu ana mume. Ndiyo maana napenda kumtuma mtu mzima."

*

Alhamisi mchana, baada ya vipindi, waliijaribu mashine. Mwalimu alikutana na mumewe mlangoni akakipokea kijiboksi, kilichokuwa kimelala ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akaenda nacho mpaka mezani, mkono mmoja ukishika ukuta kama kawaida yake. Alikiweka chini. Aliacha vidole vyake juu yake kwa muda.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe. Wati elfu mbili. Nimepita hata walichotuagiza, na chenji nimerudisha. Mwalimu Mkuu kanisifu mpaka nikaona aibu."

Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu wateja wa sare za shule walipohamia kwa mafundi wa mashine za umeme. Mwalimu alifungua mdomo, kisha akauliza jambo jingine: "Umekula?"

Walichomeka. Taa ndogo ikawaka kwenye mashine, Fundi akamtangazia mkewe rangi yake. Mwalimu aliandika maneno machache kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe. Mashine ilivuta karatasi, ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, meza ikatetemeka, vikombe kabatini vikaitikia. Ikatoa nusu ukurasa. Mwalimu alipitisha vidole. Nukta zilikuwa kali, safi, zimejipanga kuliko za kibao chake kwa miaka yote ile. Alizirudia mara mbili.

"Inasomeka?"

"Inasomeka, Fundi. Inasomeka kama maji."

Halafu akainamisha kichwa upande, kama afanyavyo akisikiliza mtoto anayedanganya. Kile kijiboksi kilikuwa kinanguruma kwa sauti ya kukwaruza, kama nyuki ndani ya kopo, na kulikuwa na harufu.

"Kinanuka."

"Kitu kipya chochote kinanuka. Viatu vipya havinuki?"

"Zima," mkewe alisema. "Tuitunze mpaka kesho."

Alizima, na hawakuijaribu tena. Wala hakuna aliyesema wamwite Waya Mbili aje aitazame.

*

Ofisa wa elimu alifika saa nne, na Mwalimu Mkuu nyuma yake akiwa amevaa koti. Sebule ilikuwa imefagiliwa, cherehani imefunikwa shuka. Mwalimu alikuwa amekuja na mwanafunzi wake mmoja, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye wenzake walimwita Mbio, kwa namna vidole vyake vilivyokimbia kwenye karatasi. Yeye ndiye angesoma.

Ofisa hakukaa. Aliitazama mashine, akamgeukia Fundi.

"Na yeye anaweza kuiendesha?"

"Nipo hapa, mheshimiwa," Mwalimu alisema. "Ninaweza."

"Aah. Vizuri, vizuri." Alitazama saa. "Basi tuone. Andika chochote, mtoto asome. Nina shule nyingine mbili."

Mwalimu alikuwa ameiandaa barua usiku kichwani na asubuhi kwenye kompyuta: ombi la wanafunzi tisa, kwa maneno yao wenyewe. Alibonyeza. Ta-ta-ta-ta. Mwalimu Mkuu akatabasamu kwa sauti, kwa kuguna, ili Mwalimu naye ajue kwamba ametabasamu. Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka.

Kisha pakalia paa, kama kofi. Moshi mweupe ulitoka kwenye kijiboksi, na mwingine, mwembamba, ukatoka nyuma ya mashine yenyewe. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama. Mbio alipiga kelele moja fupi akamshika Mwalimu sketi. Fundi aliruka akavuta plagi, ikamuunguza, akaiacha, akaivuta tena.

Ofisa alikuwa ameweka leso puani.

"Mtoto," alisema, "hebu soma kilichotoka."

Mwalimu aliichana karatasi taratibu akampa. Mbio alipitisha vidole, haraka, kama kawaida yake.

"'Sisi wanafunzi wa kitengo cha wasioona tunaomba—'" Akafika mwisho. Akarudisha vidole nyuma, akavipeleka tena mbele.

"Mnaomba nini?" ofisa aliuliza.

"Imeishia hapo."

Ofisa aliandika kwenye daftari. Mwalimu Mkuu alisema kwamba jana ilifanya kazi, kwamba umeme wa mtaa huu una matatizo, kwamba wangempigia simu. Ofisa aliitikia "naam" kila baada ya neno, kama mtu anayetembea huku akiagana. Mlangoni alimwambia Fundi, kwa upole kabisa: "Hivi vitu vya msaada ndivyo vilivyo. Wanatupa kwao, wanatuletea sisi. Msijilaumu."

*

Waya Mbili alikuja bila kuitwa. Moshi ulikuwa umeshasimuliwa mpaka kona. Alikifungua kijiboksi kwa bisibisi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha saketi kilichoungua, kikubwa kama kiganja. Hapakuwa na chuma. Hapakuwa na waya wa shaba.

"Hii si transfoma," alisema.

Aliigeuza mashine, akafungua mgongo wake, akachungulia muda mrefu. Bodi ya umeme ilikuwa imeungua, na iliyoendesha pini za kugongea nukta nayo ilikuwa nyeusi. Alizima tochi. Alionekana ana hasira, na hakuwa mtu wa hasira.

"Fundi, nilikwambia nini pale kwenye karo? Nilikwambia uzito. Nilikwambia vijiboksi hivi ni vya vikaushio vya nywele. Nilikushika na bega."

Fundi alikuwa anatazama kiganja chake kilichoungua. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono magotini.

"Asante, Waya Mbili," Mwalimu alisema. "Tutakuja dukani kwako."

Alipoondoka, Fundi alijaribu kueleza. Alieleza bei, alieleza yule muuzaji na kitambulisho, alieleza stuli. Maneno yalianza na "mimi nilidhani" yakafia njiani. Mwishoni akasema ukweli wenyewe.

"Aliniambia. Nilijua. Nilitumaini tu."

"Na mimi nilijua," mkewe akasema.

Fundi akamtazama.

"Nilikibeba kwa mkono mmoja, Fundi. Mkono wa pili ulikuwa ukutani. Kitu cha wati elfu mbili? Nilisomesha sayansi kabla hawajaninyang'anya lile somo. Nilijua nilipokipokea mlangoni."

"Sasa mbona hukusema?" Sauti ilimpanda. "Mbona hukusema, mke wangu? Ungesema neno moja!"

"Nilikusikia ulivyofurahi."

Fundi alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye cherehani. Alitaka amkasirikie, na kwa muda akamkasirikia kweli, maana lilikuwa jambo rahisi zaidi kulibeba. Lakini hasira haikukaa. Nje mtu alibisha hodi, akasema amekuja kuchukua suruali yake, na Fundi akainuka akaenda kuitafuta kitandani, kati ya nguo, kwa mkono mmoja, ule ulioungua akiuficha kwapani.

*

Jumatatu alirudi mjini na kijiboksi kwenye mfuko. Kijana mchangamfu hakumwita tena baba yangu. Alimwonyesha kikaratasi kilichobandikwa juu ya kibanda: vitu vya umeme vikitoka havirudi. Fundi alisema kimeua mashine ya watoto vipofu. Kijana akamwambia kwamba yeye alimuuzia kishusha umeme na umeme kilishusha. Mashine hakuja nayo dukani. Watu walianza kukusanyika. Fundi, aliyekuwa hajawahi kugombana sokoni, aliitupa ile takataka kwenye meza ya betri na kutoka, na nyuma yake akasikia mtu anauliza, "Huyo mzee ana nini?"

Mwalimu aliandikia chama cha kule mbali. Kompyuta ndogo ilimsomea jibu baada ya siku kumi, kwa sauti yake isiyo na huzuni wala furaha. Walisikitika sana. Mashine ya aina ile ilikuwa haitengenezwi tena, ndiyo sababu waliitoa. Bodi zake zilipatikana kwa bahati tu, na bei ya bodi mbili ilizidi bei ya transfoma ile ya sakafuni mara tano. Walimtakia heri katika kazi yake nzuri.

Aliiambia kompyuta irudie. Akaizima kabla haijafika kwenye heri.

Akarudi kwenye kibao. Alitoboa kurasa asubuhi kabla ya shule na mchana baada ya shule, kwa kidole kile kile, kama kwamba wingi wa kurasa ungeweza kumfikia ofisa na kumgeuza mawazo. Fundi alijifunza kushika kalamu ya chuma na kutoboa kwa kufuata mfano, bila kujua anaandika nini. Nukta zake zilipasua karatasi. Mwalimu aliweka kurasa zake pembeni bila kumwambia, na safari hii Fundi alijua, na hakusema.

Barua ya ofisi ilifika mwisho wa mwezi. Kitengo kimefungwa. Watoto majina yao yamepelekwa kwenye shule ya bweni ya wasioona, ambayo imejaa. Watasubiri nafasi makwao. Mwalimu atabaki shuleni kwa kazi nyingine atakazopangiwa. Mwalimu Mkuu, aliyemsomea barua ile huku akisafisha koo kila mstari, alimpangia kengele. Angekaa kwenye baraza na saa yake inayosema, na kila baada ya dakika arobaini angepiga.

"Ni kazi ya heshima," alisema. "Shule nzima inakutegemea wewe."

"Nashukuru," Mwalimu alisema.

*

Wazazi walikuja siku tofauti kuwachukua watoto wao, waliokuwa wakilala kwa wenyeji wa mtaa. Baba yake Mbio alikuja wa mwisho, Jumamosi, kwa kuwa aliponda kokoto mbali na mji na hakupata ruhusa. Alikuwa mtu mfupi mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Alisimama mlangoni pa Fundi na Mwalimu, begi la bintiye begani, akakataa kuingia kwa sababu ya viatu vyake.

"Mwalimu, nikuulize tu," alisema. "Mimi kusoma sijui, mama yake hajui. Sasa huyu, nyumbani, nimpe kazi gani?"

Mwalimu alisema amwache asome zile kurasa alizompa, zilikuwa ishirini na mbili.

"Akizimaliza?"

"Azirudie."

Yule baba akaitikia kwa kichwa, akakumbuka, akasema, "Sawa, Mwalimu." Wakaenda mpaka kituoni wote wanne, Mbio akimshika baba yake mkono, Mwalimu akishika kiwiko cha mumewe. Barabara ilikuwa imechimbwa mtaro wa bomba la maji na udongo ulikuwa umemwagwa pande zote mbili. Mbio hakulia. Aliuliza mambo: nyumbani kuna nani siku hizi, yule mbwa bado yupo, gari litachukua muda gani. Gari lilipokuja, baba akapanda kwanza kuweka begi, na msichana akabaki chini kidogo, uso ameuelekeza kwenye sauti ya Fundi.

"Mashine ikipona mtaniita?"

"Tutakuita," Fundi alisema, upesi. "Ikipona tu, siku hiyo hiyo—"

"Usimwambie hivyo," Mwalimu akasema.



"Haitapona, mwanangu," Mwalimu alimwambia yule mtoto. "Nafasi ikipatikana kule bwenini watakuita wao. Mimi sitakuita. Usikae unanisubiri mimi."

Mbio alifikiri kidogo.

"Basi, Mwalimu. Nilitaka nijue tu."

Baba yake alimvuta mkono akampandisha. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na vumbi likawafunika wale wawili waliobaki kando ya barabara. Fundi alisubiri litulie. Mkewe alikuwa amemwachia kiwiko. Alikuwa amesimama peke yake, mikono imelala, kichwa kimeelekea kule ambako sauti ya injini ilikuwa inaishia.

"Twende," Fundi alisema. "Kuna mtaro mbele."

Mwalimu akanyoosha mkono, akakitafuta kiwiko cha mumewe, akakishika, kwa sababu udongo ulikuwa umemwagwa kila upande na hakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani.